Ufunguo wa Kusoma Tu

Makao Makuu,
4 Februari

Mume wangu,

Salamu nyingi. Huku tu wazima: mtoto mzima, wifi mzima na mdomo wake mzima. Barua yako ilifika na gari la ofisi, chini ya michoro. Mkurugenzi amerudi mkutanoni na hofu mpya. Kuna kampuni ya wapimaji wenzetu imepoteza ramani zake zote kwa diski moja kufa, basi naye anataka kabla ya mwisho wa mwezi nimchagulie njia salama ya kuweka nakala za seva yetu, nakala moja ikae hapa na nyingine huko tawini kwenu. Kichwa kimejaa, nisamehe naandika kwa kifupi. Tutaongea.

Mkeo


Kambini,
11 Februari

Mke wangu mpenzi,

Barua yako nimeimaliza kabla chai haijapoa. Nimegeuza karatasi nyuma nikidhani umeendelea huko, nikakuta peupe. Mimi niko porini napima viwanja, simu haishiki mpaka upande kichuguu, na ikishika inakatika katikati ya ugomvi. Ndiyo maana tukakubaliana tuandikiane. Sasa kama hata barua ni ya kubanabana hivi, mume afanye nini? Hiyo seva yako imeniolea mke.

Basi nikupe habari mimi. Jumamosi nilikwenda mjini, tawini, kupakia vipimo vyangu vya wiki ili vije huko kwenu. Nikamkuta fundi mpya wa mitambo. Binti mmoja wa miwani, mcheshi kweli. Nilipomtajia hizo nakala zako akanikaribisha chai, akanieleza mpaka mimi nisiyejua kitu nikaelewa. Anasema seva isijipelekee nakala yenyewe. Mashine ya huku tawini ndiyo iwe inakuja kuchukua. Anaijua kazi yake, nakwambia.

Mumeo, Mpimaji


Makao Makuu,
18 Februari

Mume wangu,

Chai? Wewe ambaye hapa nyumbani nakuwekea chai inaota utando huku unatafuta penseli iliyo sikioni mwako?

Haya, tuanze na kazi, hayo mengine yatafuata. Nimepima njia zote. Tepu nimeziacha, maana hakuna wa kuzibadilisha nikiwa likizo. Kukodi nafasi kwenye mashine za watu wa mbali nako nimekataa, viwanja vya watu si mzigo wa kulaza kwa jirani. Iliyobaki ni njia ya pacha. Kila saa seva inaitazama diski ya pili na kuifanya ifanane nayo. Faili likiongezwa huku, linaongezwa kule. Likifutwa huku, linafutwa kule. Ni safi, haijazi diski, na pacha wa pili naweza kumsukuma mpaka tawini bila mtu kuingia kwangu.

Sasa huyo binti wako anataka mashine yake ndiyo ije kuchukua. Amekueleza kwamba ili ije, lazima nimpe ufunguo wa kuingia? Seva yetu ni ya jamii ya Unix, na hizo hazina mzaha. Ukiiambia futa, inafuta, haikuulizi una hakika. Mwenye ufunguo ndiye mwenye nyumba. Na huyu anaomba ufunguo wa nyumba yangu wakati sijawahi kumwona hata kivuli, ila namsikia tu kupitia kwa mume wangu anayekunywa naye chai.

Wifi aliisoma barua yako juu ya bega langu. Akasema, "Kaka yangu kaelewa mitambo? Si huyu anayeipiga redio makofi ikikwaruza?" Nilicheka. Baadaye, nilipokuwa naosha vyombo, sikucheka tena.

Ana umri gani? Nauliza kwa ajili ya uzoefu wa kazi.

Mke wako wa ndoa


Kambini,
25 Februari

Mpenzi,

Barua ndefu namna hii! Nimeisoma asubuhi, nikairudia mchana nikiwa nimekaa chini ya mwavuli wa mashine ya kupimia. Kumbe mke wangu bado anajua kuandika.

Umri sikumwuliza, si adabu. Ni kijana tu. Akicheka miwani inamshuka puani, anairudisha kwa kidole kimoja. Jumamosi tena tulikuwa na mazungumzo marefu. Anasema ufunguo anaouomba ni wa kusoma tu. Mashine yake itaingia, itasoma, itatoka, haitaweza kugusa kitu. Na seva yako nayo isiwe na uwezo wa kuzigusa nakala zikishafika huku. Halafu anataka kuweka matoleo kwa tabaka: ya leo, ya jana, ya wiki iliyopita, ya mwezi uliopita, ili kosa la leo lisiimeze kazi ya jana. Tena anasema zifungwe kwa siri kabla hazijatoka kwako, na neno la kuzifungulia akae nalo Mkurugenzi kwenye bahasha, lisikae ndani ya seva yenyewe. Na kila mwezi mafaili machache yarudishwe, ionekane kama kweli yanarudi.

Nilimwuliza kwa nini anajali hivyo. Akanijibu kwamba anapenda kazi ya watu isipotee. Nimelipenda jibu hilo.

Umesema unaosha vyombo. Kwani wifi yako ana mikono ya nini?

Mumeo, Mpimaji


Makao Makuu,
4 Machi

Baba wa mtoto wangu,

Umelipenda jibu lake. Vizuri. Mimi niliyekaa na hii seva miaka yote, nikaivusha kwenye joto na kwenye umeme wa kukatikakatika, sijawahi kusikia umependa jibu langu hata moja. Nikikueleza habari za diski unaniambia, "Ehee," halafu unauliza chumvi iko wapi.

Nina wivu, ndiyo. Sitaki uje kuambiwa na wifi, nakwambia mwenyewe. Nina wivu mpaka kifua kinauma, na ukinidanganya kwamba hakuna la kuonea wivu utakuwa umenitukana mara ya pili. Mtu anashinda Jumamosi nzima na mume wa mtu akimfundisha matabaka! Tabaka la jana, tabaka la leo. Kidole kimoja puani. Wewe hata rangi ya pazia letu huijui, lakini kidole chake umekihesabu.

Ufunguo hapati. Leo ni wa kusoma tu, kesho atautaka wa kuandika, keshokutwa ataniambia nihame. Nimekwisha kuamua: njia ni ya pacha, hapa na huko tawini, na seva yangu ndiyo itakayosukuma, yenyewe, kila saa. Mkurugenzi nimemwambia ni kwa sababu za usalama. Hakuuliza usalama wa nani.

Mkeo, kama bado


Makao Makuu,
6 Machi

Kwa Fundi wa Mitambo, Tawini

Salamu.

Kuanzia leo nakala za tawini zitasukumwa kutoka huku kwa njia ya pacha. Ruhusa ya kuandika na kufuta katika diski yako naihitaji leo hii. Matoleo ya zamani uliyoanza kuyaweka kutokana na nakala za majaribio nilizokuwa natuma huko kila jioni yafutwe, yanakula nafasi. Maswali ya kazi niulize mimi moja kwa moja, bila kupitia kwa wapimaji.

Mkuu wa Seva


Kambini,
19 Machi

Mpenzi,

Wiki mbili kimya. Nimekwenda kwenye gari la ofisi nikarudi na michoro mitupu mpaka dereva ananionea huruma. Kama ni ufunguo, basi usitoe, mimi nilikuwa mpelekaji wa maneno tu. Niandikie hata matusi.

Kazi imesonga. Upande wa bondeni wote nimeumaliza, mwezi huu nimepima zaidi kuliko miezi miwili iliyopita, na yote nimepakia. Huyo fundi sikumkuta Jumamosi.

Mumeo


Makao Makuu,
2 Aprili

Mume wangu,

Leo sina nguvu ya kugombana. Tumepatwa.

Juzi asubuhi mtu mmoja wa mahesabu alifungua barua pepe asiyoijua, akabonyeza kilichokuwa ndani. Kirusi kikaingia kwenye kompyuta yake, kikapitia kwenye folda tunazochangia, kikawa kinayafunga mafaili moja baada ya jingine. Ramani zimekuwa takataka, ukiifungua moja unaona alama ambazo hata shetani hasomi. Seva haikushtuka. Kwake yeye ni mafaili yamebadilishwa na mwenye ruhusa, basi. Na saa ilipofika ikafanya nilichoiagiza: ikamfanya pacha afanane nayo. Wa hapa, halafu na wa tawini. Kabla sijafika ofisini na kuchomoa waya, wote watatu walikuwa wagonjwa ugonjwa mmoja.

Mkurugenzi hakupiga kelele. Angepiga ningeona nafuu. Ameniuliza kwa upole kama ile njia niliyoichagua ndiyo iliyokuwa salama kuliko zote. Amesema nimrudishie ramani au nimkabidhi ofisi.

Nimemwandikia fundi wako kwa mkono wangu. Najua atacheka, miwani imshuke mpaka mdomoni. Acha acheke, mradi awe na chochote.

Mkeo


Tawini,
5 Aprili

Mwanangu,

Marahaba, ingawa hukuniamkia.

Barua yako ya pili ina adabu kuliko ile ya kwanza, na shida ndivyo inavyotufundisha sote. Nianze na linalokuuma. Uliponiagiza nifute matoleo ya zamani, niliyafuta, maana mkuu ni wewe. Lakini kabla ya kufuta niliyatoa yote kwenye diski moja, nikaichomoa, nikaifungia kabatini, haina waya wala mtandao. Ndiyo kawaida yangu tangu enzi ambazo diski ilikuwa kubwa kama sufuria la shughuli. Hukuniambia nisifanye hivyo, kwa hiyo sikukuasi. Jana nimeijaribu: mafaili yanarudi, ramani zinafunguka. Nimeituma na dereva, ameifunga kwenye blanketi. Yote ya mpaka tarehe sita Machi ni mazima. Ya baada ya hapo sina, mwanangu. Hayo nilikuwa na pacha wako tu.

Sasa la pili. Unaniomba nisicheke, na eti nisikuchukulie mume hata kama nimekuokolea kazi. Nimeisoma sentensi hiyo nikamwita mjukuu wangu aisome, nikidhani macho yamenidanganya. Si kwa kukosa miwani, mwanangu. Sijawahi kuvaa miwani maishani.

Mumeo nimemwona mara moja, Jumamosi moja ya mwezi wa pili niliyoitwa kazini, mlangoni. Alikuja kupakia vipimo. Nikamwandikia ushauri kwenye karatasi, ukurasa mmoja, akuletee wewe, kwa kuwa nilisikia ndiye mume wako. Chai nilimkaribisha, akasema ana haraka. Tangu hapo akija Jumamosi anapakia kwenye chumba cha mbele na kuondoka, mimi siku hiyo kwa kawaida sipo kazini, niko na wajukuu. Ile karatasi haikukufikia? Maana ningekuwa nimepata jibu.

Wivu si dhambi. Mimi nilimwonea wivu marehemu mume wangu mpaka siku tunamzika, nikawa naangalia nani analia sana. Lakini usiuache uchague bekapu.

Fundi wa Mitambo, Tawini


Makao Makuu,
9 Aprili

Wewe,

Bibi wa watu ana wajukuu! Binti wa miwani, eti kijana tu, eti kidole kimoja! Karatasi moja ya ukurasa mmoja umeitafuna wiki kwa wiki, ukinirushia kipande kipande kama mtu anayelisha kuku, na mimi hapa nadonoa!

Diski imefika. Ramani zimerudi, nilipoona ya kwanza inafunguka nililia mbele ya watu. Mkurugenzi ameniachia ofisi. Wachoraji wa hapa wana karatasi walizochapisha, wataichora upya kazi yao ya Machi. Asiye na karatasi ni wewe. Bonde lako lote limekwenda. Angalia kwenye mashine ya kupimia kama hujafuta.

Ningempa yule mama ufunguo wa kusoma tu, bonde lako lingekuwepo. Nisingemnyima kama usingemvalisha miwani. Nieleze kwa nini. Wifi naye anataka kujua, amekaa hapa kakunja mikono.

Mkuu wa Seva


Kambini,
13 Aprili

Mke wangu,

Kwenye mashine nilishafuta. Nilipoona imepakia vizuri nilifuta ili nipate nafasi. Nimesimama bondeni leo nikatazama mawe ya mipaka moja baada ya jingine, nikakaa chini.

Kwa nini, unauliza. Barua zako zilikuwa fupi. Nilikuwa nakuandikia kurasa, unanijibu habari za diski na "tutaongea." Nikaona seva inapewa asubuhi yako na jioni yako, mimi napewa masazo. Nilipomtaja yule fundi kwa mara ya kwanza nilitia chumvi kidogo tu. Kisha ikaja barua yako ile ndefu, ina hasira, ina chai, ina penseli yangu ya sikioni. Nikaona kumbe bado upo. Nikaendelea kutia chumvi. Sikujua kwamba mtu anaweza kuchagua mambo ya mitambo kwa sababu ya miwani.

Nimekosa. Nitapima upya, na kila kiwanja nitakachopima nitaonja uongo wangu.

Mumeo


Makao Makuu,
20 Aprili

Mume wangu,

Nilikaa na hasira wiki nzima, nikaona inanichosha kuliko kazi. Na barua zangu zilikuwa fupi kweli. Hilo nalikubali, ila usilizoee.

Nimempigia yule mama, nikamwamkia vizuri. Ufunguo wa kusoma tu nimempa, mashine yake ndiyo inayokuja kuchukua sasa. Matabaka yapo, diski ya kabatini ipo, neno la kufungulia liko kwenye bahasha kwa Mkurugenzi. Wiki hii tumerudisha mafaili ya majaribio, yamerudi yote. Anacheka vizuri kweli, hapo hukudanganya, ingawa ulibahatisha.

Nimeomba likizo. Mtoto atabaki na wifi. Nataka nije huko tupime bonde pamoja, mimi nishike fimbo ya kupimia, wewe ukae kwenye mashine. Si ndivyo tulivyojuana? Mimi mwanafunzi wa mafunzo kazini, nimeshikishwa fimbo kule mwisho wa kiwanja, na wewe ukichungulia kwenye lenzi unaniambia, "Sogea kushoto. Kidogo tena. Rudi kulia." Fimbo ilikuwa imenyooka tangu mwanzo. Uliniambia mwenyewe baada ya ndoa kwamba ulikuwa unanitazama tu.

Niandikie nije lini.

Mkeo mpenzi


Kambini,
25 Aprili

Mpenzi,

Barua yako imenifurahisha sana, na habari za yule mama pia. Msalimie. Kazi ya bondeni imeanza upya na inakwenda kwa kasi kuliko nilivyotegemea. Lakini kuja huku usijisumbue. Jua ni kali, mahema ni madogo, maji ya kuoga ni ya kubeba. Na wa kushika fimbo yupo. Wewe pumzika na mtoto, mwisho wa mwezi ujao nitakuja mwenyewe.

Mumeo, Mpimaji


Makao Makuu,
27 Aprili

Mume wangu,

Wa kushika fimbo yupo.

Nimezitoa barua zako zote, nimezisoma upya tangu ya Februari. Mtu uliyemwona mara moja mlangoni umeniandikia kurasa juu yake, ukamvalisha na miwani. Huyu mnayeshinda naye porini tangu jua linapochomoza, wewe kwenye lenzi na yeye kwenye fimbo, hujamtaja hata mara moja.

Nakuja na basi la Ijumaa. Usimpe likizo.

Mkeo